Kodi ya Marehemu

Baba yangu alifariki dunia mwezi wa Agosti mwaka 2019. Umri wake yeye mwenyewe hakuujua sawasawa, kwa kuwa alizaliwa Kwale wakati ambapo kuzaliwa kwa mtoto wa Kidigo hakukuandikwa popote. Lakini kodi aliyolipa iliandikwa yote. Tulipoondoa matanga tuliufungua mkebe wa biskuti uliokuwa chini ya kitanda chake, tukakuta risiti zimefungwa kwa uzi, mwaka juu ya mwaka. Ya chini kabisa ilikuwa ya kodi ya kichwa ya mwaka 1949, karatasi imeliwa na mende pembeni. Ya juu ilikuwa karatasi ya kompyuta, kodi ya pango la nyumba, mwezi wa Mei 2019.

Kwa miaka mingi nilisomesha habari za kodi ya kibanda ubaoni, pasipo kujua kwamba ushahidi wake ulikuwa chini ya kitanda cha baba yangu. Wanafunzi niliwaambia kwamba kanuni za kodi hiyo zilitungwa mwaka 1901, na kwamba ilihesabiwa kwa kibanda, si kwa mtu. Mwenye wake watatu alikuwa na vibanda vitatu, akalipia vitatu. Mwaka 1910 wakaongezwa wanaume wasio na kibanda, nao wakatozwa kichwa. Shabaha haikuwa kujaza hazina tu. Fedha hiyo haikupatikana kwa kulima mihogo ya kula nyumbani, na serikali ilijua hivyo. Kijana alilazimika kwenda kuitafuta kwenye mashamba ya walowezi au bandarini. Baba alikwenda bandarini, Kilindini, akaanza kwa kubeba magunia, akaishia kuwa karani wa mizigo.

Jambo moja ambalo sikulisomesha, kwa sababu halimo vitabuni, nililipata kwake. Alisema kwamba alipokuwa mdogo karani wa kodi alikuja kijijini na daftari, akaketi chini ya mwembe, akasoma majina. Aliyeitwa alisimama. Jina la maiti likisomwa, mzee wa kijiji alisema, "Huyo amekufa, bwana," na wawili watatu waliokuwapo mazikoni wakaitikia. Karani akapiga mstari. Wakati mwingine hakusadiki, kwa kuwa walikuwapo watu waliokufa wakati wa kodi na kufufuka wakati wa mavuno! Basi akapelekwa kaburini akaonyeshwa udongo mbichi.

Kodi ya mapato ni nyingine. Hiyo iliingia Kenya mwaka 1937, na Tanganyika, Uganda na Unguja mwaka 1940, na kwa muda mrefu ikakusanywa na idara moja ya Afrika Mashariki nzima, mpaka Kenya ikatunga sheria yake mwaka 1973. Kichwa kikaacha kutozwa kwa namna ile ya zamani, pato likabaki. Sheria haikuwasahau wafu: pato alilolipata mtu kabla ya kufa lina kodi yake, na anayesimamia mali yake ndiye anayetozwa kwa niaba yake.

Baba alikuwa na nyumba moja ya Kiswahili ya vyumba sita, Mombasa, juu ya kiwanja cha mtu mwingine, kama zilivyo nyumba nyingi za mji ule. Yeye alikaa chumba kimoja, vitano akapangisha kwa shilingi 3,500 kila kimoja. Wapangaji walimlipa kodi, yeye akamlipa mwenye kiwanja kodi, na kuanzia Januari 2016 serikali nayo ikadai kodi ya ile kodi. (Lugha yetu ina maneno mengi, lakini hapa imetumia moja tu, na labda ilikuwa na sababu.) Aliyepata pango la zaidi ya shilingi 144,000 kwa mwaka alitakiwa atoe asilimia 10 ya pato ghafi kila mwezi, kuanzia Januari 2024 ni asilimia 7.5. Kwake ilikuwa shilingi 1,750. Alilipa bila kukosa mpaka alipolazwa. Juni, Julai na Agosti hazikulipwa. Agosti nayo niliihesabu kuwa yake, maana wapangaji walilipa mwanzo wa mwezi, naye alifariki mwishoni. Jumla, shilingi 5,250.

Ndugu zangu waliona hicho ni kichekesho. Lakini hukumu ya dini yetu haina kichekesho: katika mali ya maiti hutolewa gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi, ndipo warithi wagawane. Sikuwa tayari kugawa hata kijiko kabla ya zile 5,250. Tena ilibaki taarifa yake ya mwisho ya mapato, ya Januari hadi siku ya kifo, iliyotakiwa ifike kabla ya tarehe 30 Juni 2020.

Hapo ndipo nilipokutana na mtandao. Tangu miaka ya 2013 na 2014 daftari la chini ya mwembe limo ndani ya kompyuta, na halikubali karatasi. Ili kuingia ni lazima uwe na nambari ya kodi na neno la siri. Nambari tulikuwa nayo. Neno la siri baba hakupata kulijua, kwa sababu aliyemfungulia hesabu hiyo alikuwa kijana wa duka la kompyuta, na anwani ya barua pepe aliyoiandika ilikuwa ya kijana mwenyewe. Duka lilikwisha fungwa, siku hizi pale pauzwa viazi karai. Kila nilipoomba neno jipya, lilitumwa kwa mtu nisiyemjua.

Nilikwenda ofisini. Binti aliyenihudumia alinipa shikamoo na kiti, sina la kumlaumu.

"Mzee, mfumo unamtaka mwenyewe athibitishe," akasema.

"Mwenyewe yuko kaburini, mwanangu."

"Najua, mzee. Lakini mfumo haujui."

Ili mfumo ujue, nilete cheti cha kifo na hati ya mahakama inayonitaja kuwa msimamizi wa mali. Cheti nilikuwa nacho. Hati ilikuwa njiani kwa Kadhi. Mwezi wa Machi 2020 korona ikaingia, mahakama zikapunguza kazi, na faili letu likalala.

Juni ilipokaribia, mdogo wangu alikuja jioni moja na simu ya baba. Laini yake hatukuifunga, kwa kuwa mama alipenda ijae salio kama kawaida. "Kaka," akasema, "wewe na baba sauti zenu ni moja. Piga simu, jitambulishe kuwa ni yeye. Kitambulisho tunacho, tarehe ya kuzaliwa ya kwenye kitambulisho tunayo. Watabadilisha anwani, utaingia, utalipa. Nani atadhulumika? Serikali itapata fedha zake."

Sikuwa na jibu la haraka. Hesabu ilikuwa sahihi na nia ilikuwa njema. Lakini nilipokuwa mwalimu mkuu nilipata kumrudisha nyumbani kijana aliyeitikia "Nipo!" kwa jina la mwenzake aliyetoroka. Kijana yule alilia, akasema hakuiba kitu. Wakati wa kuwasilisha taarifa, mtandao humtaka mtu akiri kwamba yeye ndiye mwenye jina, na kwamba aliyoyaandika ni kweli. Nilimwambia mdogo wangu kwamba sitaitikia jina la baba. Alikasirika. Alisema ninapenda sheria kuliko mama yangu, ambaye alingojea fungu lake la nyumba. Maneno hayo yaliniuma, na hata sasa sijui kama yalikuwa ya uongo kabisa. Mama alikuwa mgonjwa. Kwa muda wa miezi minane tulisalimiana tu.

Hati ya Kadhi ilitoka mwishoni mwa mwaka 2020. Mwezi wa Februari 2021 binti yule yule aliniandikisha, barua pepe ikabadilishwa, nikaingia kwa jina langu nikiwa msimamizi. Kabla ya kufungua mlango, mtandao ulinipa swali la kujumlisha nambari mbili, kama mtoto wa darasa la pili, ili uhakikishe mimi si mashine. Nilijumlisha. Nikaandika miezi minane ya pango, nikalipa 5,250 pamoja na faini ya kuchelewa. Faini niliitoa mfukoni mwangu, sikuiweka katika mali ya baba, kwa kuwa kuchelewa kulikuwa kwangu.

Jumamosi iliyofuata tulikutana nyumbani kwa mama tukagawa. Alipata thumuni yake. Kabla hatujaondoka mdogo wangu aliuomba mkebe, akaifungua ile karatasi ya mwisho, akaisoma yote kimya, akaifunga kwa uzi juu ya nyingine.