Ndoa Tano za Idina na Mashamba ya Nyanya Zetu

Wadau, chuo niliacha lakini historia sijaiacha. Leo tumfuate Idina Sackville, binti wa lodi wa Uingereza, aliyefariki hapa hapa Mombasa 1955. Aliolewa mara tano: Wallace 1913, Gordon 1919, Hay 1923, Haldeman 1930, Soltau 1939. Kila ndoa na kila talaka iliacha karatasi.

Ukizifuata karatasi hizo, unafika shambani. Yeye na Hay walikaa bonde la Wanjohi, nyumba wakaiita Slains, jina la ngome ya ukoo wa Hay kule Uskoti. Hay akarithi cheo cha Earl wa Erroll 1928, na Idina naye akapanda. 1930 wakaachana. Akaja Haldeman, ikajengwa Clouds, bonde lile lile.

Sasa mbona nawaambia haya nikiwa Jomvu Kuu? Kwa sababu 1908 serikali ya kikoloni ilileta sheria ya hati za ardhi huku Pwani. Ulitakiwa upeleke madai yako. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali. Wazee wengi walikuwa na minazi, makaburi na mashahidi. Karatasi hawakuwa nayo. Mpaka leo kuna watu wanaitwa maskwota juu ya makaburi ya babu zao.

Msimamo wangu ni huu: ndoa za nyanya zetu nazo ni ushahidi wa ardhi. Mrekodi nyanya yako leo. Aliolewa na nani, mwaka gani, na shamba lilipakana na la nani?