Nani Aliyeyabomoa Makanisa ya Sigtuna?

Mgeni akifika Sigtuna, mji mdogo wa Sweden ulio kando ya Ziwa Mälaren, hachukui muda kabla ya kusimuliwa habari za mwaka 1187. Wapagani walivuka Bahari ya Baltiki, wakapenya hadi hapa, wakauteketeza mji, na tangu hapo Sigtuna haikuinuka tena. Kisha anaoneshwa magofu matatu ya makanisa, kana kwamba ndiyo ushahidi. Hadithi hii ina adui na ina tarehe, kwa hiyo inakaa kichwani kwa urahisi. Nimeyazunguka magofu hayo, nimesoma yaliyoandikwa juu yake, na naona mji huu umedhulumiwa.

Chimbuko lake linajulikana. Mji ulianzishwa kati ya miaka ya 970 na 980, na karibu mwaka 995 mfalme Olof Skötkonung alianza kufua hapa sarafu za kwanza za Sweden kwa msaada wa mafundi kutoka Uingereza. Zama hizo Mälaren haikuwa ziwa bali ghuba ya bahari, na vyombo vya wafanyabiashara viliingia bila shida.

Gofu linalonivutia kuliko yote ni la Mtakatifu Olof, katikati ya makaburi. Kuta zake ni nene, za mawe ya graniti yaliyopangwa kwa uangalifu mkubwa, na madirisha yake ni membamba. Paa halipo. Hatua chache tu kutoka hapo limesimama kanisa la Maria, la matofali mekundu ya kuchoma, ambamo watu wanasali mpaka leo. Watawa wa Kidominiki ndio waliolijenga, nalo liliwekwa wakfu mwaka 1247. Hesabu ni rahisi: ni miaka 60 baada ya huo unaoitwa mwisho wa mji. Watawa wa shirika hilo waliishi kwa sadaka na kuhubiri penye watu. Wangefuata nini kwenye majivu?

Sisemi kwamba mwaka ule hapakuwa na shambulio. Askofu mkuu Johannes aliuawa mwaka huo huo wa 1187 huko Almarestäket, kwenye mlango wa maji wa kuelekea Sigtuna, na hilo silipingi. Ninalolipinga ni mji mzima kuteketea na kufa. Erikskrönikan, tarihi ya mashairi inayowataja Wakarelia, watu wa ng'ambo ya Baltiki, kuwa ndio wachomaji, ilitungwa zaidi ya miaka 100 baadaye. Masimulizi mengine yanawataja Waestonia, mengine yanasema wapagani tu. Wanaakiolojia walipochimba katikati ya mji mwishoni mwa miaka ya 1980, walifukua nyumba juu ya nyumba, tabaka juu ya tabaka, tangu karne ya 10. Tabaka la majivu la kuonesha kwamba mji wote uliungua mwaka ule hawakulipata.

Kisha kuna suala la milango. Kanisa kuu la Mtakatifu Sofia huko Novgorod, Urusi, lina milango ya mbao iliyofunikwa kwa vibao vya shaba nyeusi, na mpaka leo wengi huiita Milango ya Sigtuna, eti ilikuwa nyara ya 1187. Lakini milango yenyewe inajieleza. Ina sanamu ya Wichmann, askofu mkuu wa Magdeburg, na ya Alexander, askofu wa Płock nchini Poland. Wichmann alishika kiti cha Magdeburg mwaka 1152, na Alexander akafariki mwaka 1156, hivyo milango ni ya miaka hiyo. Hata fundi wake, Riquin, yumo, ameshika koleo na mizani. Mwanazuoni Friedrich Adelung aliyachambua haya katika kitabu chake cha mwaka 1823. Anayetaka kuiokoa hadithi ya nyara itabidi aeleze milango iliyotengenezwa Ujerumani kwa ajili ya askofu wa Poland ilifikaje Sigtuna. Sijaona aliyeeleza.

Linaloniuma zaidi ni jinsi watu wa ng'ambo ya Baltiki wanavyobaki kukumbukwa kama wachomaji tu. Mwaka 1911 kilipatikana Sigtuna kikopo cha shaba cha kuwekea mizani ya kupimia fedha, cha karne ya 11. Kimezungushiwa maandishi ya runi: mwenye mizani, Djärv, alizipata kutoka kwa mtu wa pwani ya mashariki ya Baltiki, na yanafuata maneno ya kumtisha mwizi kwamba atararuliwa na ndege. Mizani ni chombo cha kuaminiana. Kikopo kile kinatueleza maisha ya Sigtuna kuliko hadithi ya moto.

Waliouangusha mji walikuwa nyumbani. Kiti cha askofu kilihamishiwa Gamla Uppsala kabla hata ya mwaka 1187. Ardhi ya huku, tangu ilipotuliwa mzigo wa barafu ya kale, huinuka karibu nusu mita kila miaka 100, na bahari ikajitenga na ghuba. Stockholm, inayotajwa kwa mara ya kwanza mwaka 1252, ikakaa mlangoni na kuvuta biashara yote. Pigo la mwisho kwa makanisa lilitoka kwenye baraza la nchi lililokutana Västerås mwaka 1527, mfalme Gustav Vasa alipopewa mali ya Kanisa. Watawa walifukuzwa, nyumba yao ikabomolewa, waumini wakahamia kanisa la Maria, na makanisa makuukuu yakaachwa yaanguke. Hakuna Mkarelia aliyehusika hapo.

Karne zilizofuata hazina mengi. Ng'ambo ya maji, jemadari Carl Gustaf Wrangel alianza kujenga kasri la Skokloster mwaka 1654, akafa ukumbi wake mkubwa haujamalizika. Mwaka 1744 mji ulijijengea jumba dogo la baraza, la mbao, ambalo bado lipo. Siku hizi uwanja wa ndege wa Arlanda umo ndani ya manispaa ya Sigtuna, na abiria wengi hupita moja kwa moja kwenda Stockholm. Anayepata nafasi ashuke Sigtuna, aanzie kwa Olof, na akisimuliwa habari za 1187 aulize kanisa la Maria lilijengwa lini.