Taa za Kuonea na Taa za Kuonekana

Gari la miaka ya karibuni likiwashwa saa sita mchana, jua likiwa la utosi, taa mbili nyeupe huwaka mbele yake bila dereva kugusa swichi yoyote. Kwenye mfuniko wa boksi la fyuzi na kwenye matangazo ya magari taa hizo hutambulishwa kwa herufi tatu za Kiingereza: DRL, yaani daytime running lights. Watu wengi huziita taa za mchana. Anayetafsiri Kiingereza hicho neno kwa neno ataandika taa za kuendeshea mchana. Jina la kwanza halisemi taa hizo zina kazi gani, na la pili linazipa kazi isiyo yao. Nashauri tuziite taa za kuonekana mchana. Sisemi hivyo kwa kupenda kupamba lugha. Wapo madereva wanaoingia barabara kuu giza likiwa limeshatanda, nyuma ya gari kukiwa hakuna hata taa moja inayowaka, kwa sababu hawakuwahi kuelezwa taa hizi zinafanya nini na haziwezi kufanya nini.

Taa za gari zina kazi mbili, na kitenzi kuona kina mnyambuliko wa kila moja. Ziko taa za kuonea, zinazomulika barabara ili dereva aone shimo, ng'ombe au mtembea kwa miguu: hizi ni dimu na fulu. Halafu ziko taa za kuonekana, zinazowajulisha wengine kwamba hapa pana gari: taa ndogo za mbele, taa nyekundu za nyuma, na hizi za mchana. Taa ya kuonekana hailazimiki kumulika chochote. Kinachotakiwa ni ing'ae kuliko vilivyo kando yake, mtu aliye mbali aione. Usiku kazi hiyo ni nyepesi, na taa ndogo inaruhusiwa kuwa na kandela 4 tu. Mchana inashindana na jua, ndiyo maana Kanuni namba 87 ya Umoja wa Mataifa inataka taa ya kuonekana mchana itoe mbele yake kati ya kandela 400 na 1,200.

Wazo lilianzia kaskazini mwa Ulaya, ambako majira ya baridi jua hubaki chini karibu na upeo wa macho na utusitusi hula sehemu kubwa ya siku. Ufini ilianza mwaka 1972 kwenye barabara za nje ya miji wakati wa baridi. Uswidi ikaagiza mwaka 1977 kwamba magari yawashe taa mchana mwaka mzima. Kanada ikazidai kwenye magari mapya kuanzia modeli za 1990, na Umoja wa Ulaya ukazifanya lazima kwa aina mpya za magari madogo tangu Februari 2011. Japani, yanakotoka magari mengi ya Afrika Mashariki, iliziwekea kanuni zake mwaka 2016. Kwa hiyo Toyota Vitz au IST ya zamani inayoshuka bandarini Dar es Salaam au Mombasa kwa kawaida haina taa hizi, ilhali gari la Ulaya la miaka ileile huenda likawa nazo.

Ili kuelewa saketi ya taa za kuonekana mchana, tuanze na saketi ya taa za kuonea. Chomoa balbu ya H4, iliyomo katika magari mengi ya zamani, uitazame bila kugusa kioo chake kwa vidole. Ndani mna nyuzi mbili. Wa kwanza, wa wati 55, ni wa dimu, na chini yake pana kikombe kidogo cha chuma kinachozuia mwanga usifike nusu ya chini ya kiakisi. Bila kikombe hicho mwanga ungeruka juu na kumpofusha anayekuja. Uzi wa pili, wa wati 60, ni wa fulu, nao hauna kizuizi. Nyuma ya balbu kuna pini tatu bapa: moja ya dimu, moja ya fulu, na moja ya pamoja inayotumiwa na nyuzi zote mbili.

Dimu mbili za wati 55 kwenye volti 12 huvuta zaidi ya ampea 9. Mkondo huo ukipita moja kwa moja kwenye swichi ya usukani, swichi huungua polepole, na waya mrefu hula volti njiani. Volti zikipungua kwa asilimia 10 tu, mwanga wa balbu ya halojeni hupungua kwa takriban asilimia 30. Rilei huwekwa kuepusha hayo. Igeuze tumbo juu utaona namba zilizochapwa kando ya pini: 85 na 86 ni ncha za koili, 30 hupokea umeme wa betri, na 87 huupeleka kwenye taa. Swichi ya dereva hupitisha mkondo mdogo tu wa kuamsha koili. Koili hugeuka sumaku, huvuta kipande cha chuma, na mkondo mkubwa huvuka kutoka 30 kwenda 87 kwa waya mnene na mfupi. Katika magari mengi, taa ya kushoto na ya kulia zina fyuzi tofauti, ili shoti ya upande mmoja isimwache dereva gizani.

Fundi umeme mzoefu anajua pia kwamba si kila gari hukata umeme upande wa chanya. Katika Toyota nyingi za miaka ya nyuma, ile pini ya pamoja hupokea chanya kutoka kwenye rilei, kisha swichi ya usukani huchagua uzi upi uungwe kwenye bodi, yaani hasi. Anayepima akiamini kwamba pini ya pamoja ni hasi siku zote atahangaika bure, na anaweza kuunguza fyuzi kwa kuunga waya wa nyongeza mahali pasipo pake.

Taa za kuonekana mchana zilizaliwa ndani ya saketi hiyohiyo. Njia moja ya mwanzo, iliyotumika Amerika ya Kaskazini, haikuongeza taa bali iliunga upya zilizopo. Balbu mbili za fulu huungwa sambamba, kila moja ikipata volti zote. Mchana zikaungwa kwa mfuatano, zikagawana volti nusu kwa nusu. Kwa nusu ya volti, uzi hutoa karibu sehemu moja ya kumi ya mwanga wake, mwanga hafifu mno kwa kumulika barabara lakini unaotosha mtu kuuona kwa mbali. Kasoro yake ni ile ya saketi yoyote ya mfuatano: balbu moja ikikatika, zote mbili huzimika.

Magari ya leo hutumia diodi za mwanga (LED) zenye saketi yao. Kompyuta ya gari hukagua kama injini inazunguka, swichi ya taa iko wapi na, katika baadhi ya magari, kama breki ya mkono imeachiliwa. Masharti yakitimia, diodi huwaka kwa nguvu zote. Dimu ikiwashwa, diodi hizo huzimwa au hufifishwa zikawa taa ndogo. Mara nyingi hufifishwa kwa kukata umeme na kuurudisha mara nyingi ndani ya sekunde moja, kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuitambua. Vipindi vya kukatika vikirefushwa, mwanga huonekana umepungua.

Hapa ndipo penye hatari. Katika magari mengi yaliyotengenezwa kwa kanuni za Ulaya, saketi hii huishia mbele. Taa nyekundu za nyuma zimo kwenye saketi ya taa ndogo, ambayo bado haijawashwa. Kwetu, karibu na ikweta, utusitusi ni mfupi, na kama dakika 25 hivi baada ya jua kuzama giza limeshaingia. Dereva yumo kwenye foleni chini ya taa za barabarani, dashibodi inang'aa, weupe wa taa zake anauona kwenye bampa la gari la mbele. Anaamini amewasha taa. Akitoka mjini, dereva wa lori aliye nyuma yake haoni kitu mpaka amkaribie. Japani iliamua kutomwachia dereva jambo hili: tangu Aprili 2020 modeli mpya za magari lazima ziwashe dimu zenyewe mwanga wa nje unapopungua. Asiye na gari la namna hiyo lazima azungushe swichi kwa mkono jua linapozama.

Hatari nyingine ni vipande vya diodi vinavyouzwa madukani na kubandikwa kwenye bampa. Aina nzuri huwa na waya wa tatu, unaoungwa kwenye saketi ya taa ndogo ili diodi zififie usiku. Fundi akiuacha waya huo ukining'inia, diodi huwaka kwa nguvu za mchana usiku kucha na kuwaumiza macho wanaokuja. Akichukua umeme bila kuweka fyuzi, waya uliochubuka unaweza kuwasha moto ndani ya boneti. Mwenye gari ana haki ya kumwuliza fundi waya wa tatu umeungwa wapi na fyuzi iko wapi.

Nawaomba walimu wa udereva, mafundi na watunzi wa kamusi walipokee jina hili pamoja na maana yake: taa za kuonekana mchana ni jozi ya taa nyeupe za mbele zinazojiwasha injini inapofanya kazi na taa za kuonea zikiwa zimezimwa, ili gari litambulike kwa mbali mchana. Hazikusudiwi kumulika barabara, na kuwaka kwake si uthibitisho kwamba taa za nyuma zinawaka.