Weupe Kwenye Mboni za Kichanga

Mtoto wa jicho ni ugonjwa wa uzeeni. Ndivyo wengi wanavyoujua: babu anaanza kulalamikia ukungu, kisha mboni yake inageuka nyeupe kama tone la maziwa. Kwa hiyo Norman Gregg, daktari wa macho mjini Sydney, Australia, aliingiwa na wasiwasi mwanzoni mwa mwaka 1941 alipoanza kuletewa vichanga wenye weupe huohuo.

Hawakuwa mmoja wala wawili. Weupe ulikaa katikati ya mboni, mara nyingi macho yote mawili. Gregg alipowatia matone ya atropini ili mboni ipanuke aone vizuri, ilipanuka kwa shida. Watoto wenyewe walikuwa wadogo na wanyonge, kuwalisha ilikuwa kazi, na wengi walikuwa na kasoro ya moyo.

Kasoro za kuzaliwa nazo, waliamini madaktari wa wakati ule, zatoka kwenye damu ya ukoo. Lakini koo zisizojuana zitapataje kasoro moja katika msimu mmoja? Inasimuliwa kwamba siku moja Gregg aliwasikia akina mama wakipiga soga kwenye chumba cha kusubiri, wakiambiana kuwa waliugua rubela mimba ikiwa changa. Wengi wangeyapita maneno hayo kama porojo za kwenye benchi. Yeye alianza kumuuliza kila mama: ulipokuwa mjamzito, uliugua nini, na lini?

Rubela haikuwa ikimtisha mtu. Homa kidogo, vipele vya siku tatu hivi, tezi zilizovimba nyuma ya masikio, basi. Mwaka 1940 ilikuwa imelipuka Australia. Vita vilikuwa vimeanza, na vijana wengi, wakiwamo waliotoka mashamba ya mbali bila kuugua rubela utotoni, walirundikwa kwenye kambi za jeshi. Walipopewa likizo, waliibeba hadi majumbani.

Gregg aliwauliza na madaktari wenzake. Hesabu ilifika watoto 78, na mama 68 kati ya mama zao walikuwa wameugua rubela, wengi katika mwezi wa kwanza au wa pili wa mimba. Tarehe 15 Oktoba 1941 aliwasomea madaktari wa macho makala yake huko Melbourne. Mwaka 1943 Charles Swan na wenzake wa Adelaide walithibitisha jambo hilo, wakaongeza pigo jingine: uziwi.

Hata hivyo, mwaka 1944 jarida la Lancet la London lilisema Gregg bado hajathibitisha hoja yake. Uangalifu huo ulikuwa na sababu, maana Gregg aliwahesabu watoto walioathirika tu. Ila inauma kufikiri jinsi ushuhuda wa mama aliyekumbuka vipele vyake ulivyochukuliwa kuwa kitu chepesi.

Aliyemaliza ubishi hakuhitaji kushika mgonjwa hata mmoja. H. O. Lancaster, mtaalamu wa takwimu, alifukua vitabu vya sensa ya Australia. Katika sensa ya 1911, viziwi wa umri wa miaka 10 hadi 14 walikuwa wengi kupita kiasi. Miaka kumi baadaye, wimbi lilelile likaonekana kwa wenye miaka 20 hadi 24. Walikuwa wamezaliwa karibu na mwaka 1899, wakati wa mlipuko wa rubela. Makala yake ilitoka mwaka 1951, na watoto wale walikuwa sasa watu wa makamo.

Kirusi chenyewe kilipatikana mwaka 1962. Kabla chanjo haijawa tayari, mlipuko wa 1964 hadi 1965 uliiachia Marekani watoto wapatao 20,000 waliodhurika tumboni. Chanjo ilianza kutumika mwaka 1969.

Uingereza iliamua mwaka 1970 kuchanja wasichana wa shule tu, kwa hoja kwamba wao ndio watakaobeba mimba. Rubela iliendelea kuzunguka kwa wavulana na watoto wadogo, ikawafikia wajawazito ambao chanjo haikuwapata, mpaka mwaka 1988 nchi hiyo ilipoanza kuchanja watoto wote. Tanzania ilipoanza chanjo ya surua na rubela kwa kampeni ya Oktoba 2014, haikubagua: kila mtoto wa miezi tisa hadi chini ya miaka 15, wa kike na wa kiume, alitakiwa kunyoosha mkono.