Midimu: wanaorudi wakiwa wamefunika nyuso

Wamakonde wa Tanzania huwaita wacheza ngoma wanaovaa vinyago *midimu*. Litamke polepole. Weka z mahali pa d, nawe unasikia *mizimu*. Shina ni moja, la kale la Kibantu, na kutoka humo Kiswahili kimepata pia *wazimu* na *zimwi*.

Basi jina halimtaji mchezaji, linamtaja aliyemjia. Vijana wanapotoka jandoni na unyagoni, wafu wa ukoo ndio wanaotokea uwanjani kushangilia pamoja na walio hai. Kwa desturi, wanawake na watoto hawakupaswa kujua kwamba ndani ya kinyago kuna jirani yao, na siri hiyo ililindwa kwa ukali. Ng'ambo ya Ruvuma, Wamakonde wa Msumbiji husema *mapiko*. Wengi wao walikuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga, chini ya milima ya Wasambaa, wakaja na ngoma zao.

Kwa Wasambaa wenyewe, mafunzo ya jando na unyago yalitegemea sanamu ndogo za udongo: mwalimu alionyesha sanamu, mwali akatazama na kujifunza wimbo wa sanamu hiyo. Mtafiti Hans Cory alizieleza, pamoja na za makabila jirani, katika kitabu cha mwaka 1956. Kinyago cha mti na sanamu ya udongo vina uhusiano wa karibu kuliko macho yanavyoona, kwani *kinyago* na *unyago* ni maneno ya shina moja.