Mtungaji wa Muziki na Shahada ya Udaktari

Njia ya miguu itokayo Lushoto kwenda Mtae hupita Rangwi, penye kanisa Katoliki na nyumba ya masista. Waimbaji wa milima hii ya Usambara wamerithi mambo mawili yasiyopatana kwa urahisi. La kwanza ni lugha ya Kishambaa, ambayo ndani yake kupanda na kushuka kwa sauti huweza kubadili maana ya neno, jambo lisilokuwamo katika Kiswahili. La pili ni nyimbo za Ulaya. Wamisionari wa Bethel, walioanza kazi Mlalo mwaka 1891, walikuja na nyimbo za Kijerumani, ambazo ubeti wa kwanza na wa tano huimbwa kwa sauti ile ile. Basi sauti ya wimbo ikipanda mahali ambapo neno hushuka, mwimbaji hana budi kuuharibu wimbo au kuliumiza neno; na aghalabu neno ndilo liumialo.

Kwa hiyo atakaye kutunga muziki katika nchi kama hii ahitaji elimu, wala kipawa peke yake hakimtoshi. Kwa Wakatoliki kulikuwa na kizuizi kingine, nacho ni sheria. Mwaka 1903 Papa Pius wa 10 alipiga marufuku piano, ngoma na matoazi kanisani. Amri ile iliukusudia hasa muziki wa maigizo ya Italia uliokuwa umeingia makanisani, lakini ikaja ikaifunga pia ngoma ya Afrika, ambayo haikuwa na hatia hiyo. Padri Mtanzania Stephen Mbunga, mtungaji wa Misa Baba Yetu, aliona kuwa mlango uliofungwa kwa sheria hufunguliwa kwa sheria. Kitabu chake juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu kilitoka mwaka 1963. Na tarehe 4 Desemba mwaka huo huo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukaagiza kwamba mila za muziki za nchi za misioni zipewe heshima yake. Ni ajabu kidogo kwamba mtungaji ilimpasa kuwa mwanasheria kabla ya kuruhusiwa kupiga ngoma.

Justinian Tamusuza, aliyezaliwa Uganda mwaka 1951 na kulelewa katika muziki wa Kiganda, alikutana na ugumu wa namna nyingine. Alisoma Belfast kwa Kevin Volans, kisha akapata udaktari wa utungaji katika Chuo Kikuu cha Northwestern, huko Evanston, Marekani. Udaktari huu si kama ule wa historia: mwanafunzi hutoa muziki wake mwenyewe ulioandikwa kwa noti, akautetea mbele ya walimu. Lakini muziki wa Kiganda haukai wote katika noti. Katika amadinda, marimba yenye vibao 12, wapigaji wawili hupishana, mmoja akijaza nafasi aiachayo mwenziwe. Wa tatu husikiliza sauti mbili za chini kabisa zinazojitokeza katika mchanganyiko huo, akazirudia juu. Hivyo huzaliwa wimbo ambao hakuna hata mmoja wa wale wawili aupigaye. Mtahini asomaye mstari mmoja mmoja hauoni wimbo huo. Sikio ndilo liupatalo.

Tamusuza hakuiacha elimu hiyo nje ya mlango wa chuo. Katika Mu Kkubo Ery'Omusaalaba, yaani katika njia ya msalaba, aliziandikia fidla mbili, viola na selo muziki uliojengwa juu ya mapigo ya Kiganda. Sehemu ya kwanza ya kazi hiyo ilipigwa na Kronos Quartet katika sahani yao Pieces of Africa ya mwaka 1992, ikasikilizwa na watu wengi ambao hawajapata kuiona amadinda.

Usambara nayo ina sehemu yake katika habari hii. Chuo cha teolojia cha Walutheri kilianza Lwandai, karibu na Mlalo, mwaka 1947, kikahamia Makumira karibu na Arusha mwaka 1954. Baadaye kikawa chuo kikuu, na humo muziki umefundishwa hata kufikia shahada ya kwanza. Kwa hatua hiyo mwana wa Rangwi hahitaji tena kuvuka bahari. Atakapoketi mbele ya karatasi ya mistari mitano na neno lake la Kishambaa, ndipo itakapombidi aamue sauti ishuke wapi.