Kutoka Kikwit hadi Butembo: hesabu iliyotafuta dawa ya Ebola

Mwaka 1995, mjini Kikwit, madaktari wa Kongo waliwatia wagonjwa wanane wa Ebola damu ya watu waliougua wakapona. Saba kati ya wanane hao waliishi, katika mlipuko ulioua karibu wanne kwa kila watano waliougua.

Habari hiyo inaweza kupimwa kwa hesabu iliyomo katika kitabu cha Jacob Bernoulli wa Basel, kilichochapishwa 1713, miaka minane baada ya kifo chake. Leo huitwa mtawanyo wa binomia. Masharti yake ni machache lakini makali: idadi ya majaribio ijulikane, kila jaribio liwe na matokeo mawili tu, uwezekano uwe uleule kwa kila moja, na jaribio moja lisiliathiri jingine. Tuseme nafasi ya kupona ni 0.2. Uwezekano wa kupona watu saba kati ya wanane ni 8 × 0.2⁷ × 0.8, ukijumlisha na ule wa kupona wote, 0.2⁸, unapata takriban 0.00008. Ni mara nane katika laki moja.

Kwa jibu hilo mtu angeapa kwamba damu ndiyo iliyoponya. Lakini wagonjwa wa Kikwit hawakupangwa kwa kura. Walitiwa damu mlipuko ukielekea ukingoni na huduma ikiwa imeboreka, tena baadhi yao walikuwa wameshavuka siku za hatari zaidi. Nafasi yao ya kupona haikuwa 0.2 tangu mwanzo. Mwaka 2015 wazo hilo lilijaribiwa upya nchini Guinea: wagonjwa 84 walipewa plazima ya waliopona, wakafa asilimia 31, ilhali kati ya waliotibiwa kabla yao bila plazima walikufa asilimia 38. Tofauti hiyo haikutosha kuthibitisha lolote.

Kisha zamu ikaja Kivu ya Kaskazini. Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza mlipuko ulioanzia Mangina. Ukaenea Beni, Butembo, Katwa, Vuhovi na kwingineko, na hadi ulipotangazwa kwisha Juni 2020 ulikuwa umewapata watu 3,470 na kuua 2,287.

Novemba 2018 utafiti ulioitwa Pamoja Tulinde Maisha ulianza, chini ya INRB, taasisi ya Kongo ya utafiti wa tiba inayoongozwa na Profesa Jean-Jacques Muyembe, na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani. Wagonjwa wa Beni, Butembo, Katwa na Mangina waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine walipewa ZMapp, wengine remdesivir, wengine mAb114, na baadaye ikaongezwa REGN-EB3. Hakuna aliyenyimwa dawa. Hata hivyo, kukubali mzazi wako apangiwe dawa kwa kura ni jambo zito, hasa katika mji ambao wengi hawakuiamini riposte, yaani timu za kupambana na Ebola. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto. Aprili, Dkt. Richard Mouzoko wa Shirika la Afya Duniani aliuawa katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Graben, Butembo. Utafiti uliendelea.

Kwa nini walihitajika mamia ya watu? Chukua dawa isiyo na nguvu yoyote, katika ugonjwa unaoua nusu ya wagonjwa. Ukiwapa wanane, uwezekano wa kufa wawili au pungufu ni 37 kwa 256, kama mara moja katika kila saba. Dawa bure kabisa ingesifiwa kuwa muujiza.

Kwa wagonjwa 174 mambo hubadilika. Nusu yao ni 87, na bahati peke yake kwa kawaida huiyumbisha idadi hiyo kwa takriban saba, juu au chini. Waliopewa mAb114 walikuwa 174, wakafa 61. Katika kundi la ZMapp walikufa 84 kati ya 169. Kwa kuwa kundi hilo nalo huyumba, watafiti waliyapima yote mawili kwa pamoja: tofauti kubwa kiasi hicho ingeletwa na bahati tu mara saba hivi katika elfu. REGN-EB3 ilifanya vizuri vilevile, vifo 52 kati ya 155. Agosti 2019 kamati huru ya usalama ilishauri ZMapp na remdesivir zisitishwe, na tangu hapo wagonjwa wakapewa zile mbili zilizoshinda.

Ndani ya namba hizo mna onyo kwa familia. Kwa waliofika na virusi vichache mwilini, dawa hizo mbili zilishusha vifo hadi karibu mmoja kwa kumi. Kila siku ya kuchelewa nyumbani iliongeza hatari.

mAb114 ilitengenezwa kutokana na kingamwili za mtu aliyenusurika Kikwit mwaka 1995. Kile ambacho wagonjwa wanane hawakuweza kukithibitisha kilipata uthibitisho Beni na Butembo, kwa wagonjwa 681 waliokubali kupangiwa dawa kwa kura. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dawa hizo mbili kwa dunia nzima. Walimu wa hisabati wa Butembo, Beni na Vuhovi, mkifika kwenye somo la binomia, iacheni sarafu ya kitabuni. Andikeni ubaoni 61 kati ya 174 na 84 kati ya 169, na muwaambie wanafunzi namba hizo zilitoka wapi.